Trekta yenye loda, bakho au Bobcat: mtambo upi kwa ploti yako?

Mwenye ekari mbili Kamulu, mwenye nyumba za kupangisha Ruaka na msimamizi wa mtaa wenye lango kule Karen, wote ndani na kandokando ya Nairobi, wana swali moja: wanunue mtambo gani wa kupakia murram, kusawazisha uwanja, kuzoa vifusi na kuinua vitu vizito? Wakienda kwa wauzaji watarudi na hesabu ya nguvu za farasi na bei. Mimi ningeanza na udongo, halafu lango, halafu mikono itakayouendesha mtambo. Injini ya farasi 80 ikizama kwenye udongo mweusi wa Kitengela, farasi wote 80 wamelala.

Tunalinganisha aina tatu. Ya kwanza ni trekta ya shamba ya farasi 75 hadi 90, mfano Massey Ferguson 375 au 385, iliyofungwa mbele loda, yaani mikono yenye ndoo ya kupakia. Ya pili ni bakho, ule mtambo wenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Wengi wetu huuita JCB hata ukiwa Case au Caterpillar. Ya tatu ni kipakiaji kidogo kinachogeuka papo hapo, ambacho mjini huitwa Bobcat bila kujali kiwanda.

Nimezipima kwa mambo yale yale: zinavyokanyaga ardhi, zinachoinua na kumwaga, zinavyohimili kwenda mbele na nyuma kutwa nzima, uwezo wa kuchimba, zinavyopita langoni na barabarani, na nani atazitengeneza zikilala. Kuzibadilisha zikufae nimekuachia sehemu yake, maana hapo ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea.

Udongo kwanza

Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano. Sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini, ukipanda Kikuyu, Limuru na Kiambu, ina udongo mwekundu unaopitisha maji. Ukishuka mashariki na kusini, kuanzia Embakasi kwenda Ruai, Kamulu, Athi River na Kitengela, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Chini yake mara nyingi kuna mwamba mgumu wa fonolaiti, na mwamba huo tutaurudia kwenye kuchimba.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, ndizo mtihani wenyewe. Udongo mweusi ukilowa hujaza nafasi kati ya meno ya tairi mpaka tairi inabaki nene na laini, na hapo ukanyage mafuta utakavyo, unazunguka tu palepale. Trekta yenye magurudumu makubwa ya nyuma na inayovuta kwa magurudumu yote manne ndiyo hustahimili zaidi katika hali hii. Angalia neno hilo: manne. Trekta inayovuta kwa nyuma pekee, ikiinua ndoo iliyojaa, uzito unahamia kwenye magurudumu madogo ya mbele ambayo kazi yake ni kuongoza tu. Mbele inazama, nyuma inakosa mshiko.

Bakho ina uzito wa takriban tani 8, kwa hiyo nayo huzama, tena vibaya. Ila ina jambo moja ambalo wenzake hawana: opareta mzoefu hushusha miguu ya nyuma, akainua magurudumu, akajisukuma kwa mkono wa kuchimba mpaka akatoka. Bobcat ya matairi ina tumbo la chini na magurudumu madogo, hivyo kwenye matope meusi kazi yake imekwisha. Ile ya minyororo ya mpira huelea vizuri zaidi juu ya tope, lakini minyororo huisha na bei yake hukumbusha kodi ya nyumba.

Kwenye udongo mwekundu mkavu, zote tatu zinafanya kazi bila malalamiko. Kwenye kabro, yale matofali ya zege ya kutandika uwanja, mambo yanageuka. Bobcat hugeuka kwa kuburuta magurudumu, na mburuto huo unakula matairi na kung'oa kabro kwenye kona. Trekta yenye matairi ya viwandani, yale ya meno mafupi na mapana, ndiyo yenye adabu kwenye uwanja uliotandikwa.

Kuinua na kumwaga

Mita moja ya ujazo ya murram iliyolegea hukaribia tani moja na nusu, na ikilowa hupanda kuelekea mbili. Weka hesabu hiyo kichwani unapoambiwa ukubwa wa ndoo.

Loda ya trekta ya farasi 75 hadi 90 kwa kawaida huinua kati ya tani moja na moja na nusu. Bakho ya ukubwa wa JCB 3CX ina ndoo ya mbele ya karibu mita moja ya ujazo na inainua zaidi ya hapo kwa raha. Bobcat ya ukubwa wa kati, mfano S185, imepimwa kubeba kilo 840. Kipimo hicho kwa mashine ya matairi ni nusu ya uzito ambao ungeuinua mtambo wenyewe kwa nyuma, kwa hiyo muuzaji akikwambia "inaweza zaidi", ni kweli inaweza, na ndivyo watu wanavyopinduka.

Kwa lori la tani 18, bakho itajaza kwa ndoo kumi na mbili hivi. Trekta yenye ndoo ya nusu mita itahitaji zaidi ya ishirini. Tazama pia urefu wa kumwaga. Bobcat nyingi za ukubwa wa kati humwaga kwenye urefu wa mita 2.3 hivi, na kando za malori makubwa ya tipa hupita hapo. Utajikuta unajenga kilima cha udongo cha kupandia ili ufikie lori, kilima ambacho baadaye lazima ukizoe pia. Kwa pikapu, Canter au tela ya trekta, urefu huo unatosha.

Mbele, nyuma, mbele, nyuma

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawaangalii. Kupakia ni kusonga mbele mita tano, kurudi nyuma mita tano, mara mia kwa siku. Massey Ferguson nyingi za kawaida zina gia 8 za mbele na 2 za nyuma, na kila mara unapogeuza mwelekeo unakanyaga klachi. Kwa saa mbili za kusukuma mbolea hakuna tatizo. Kwa wiki nzima ya kupakia vifusi, mguu wa kushoto unachoka na klachi inaungua, na kuibadilisha ni kuipasua trekta vipande viwili.

Bakho imeundwa kwa kazi hiyo: unasukuma kijiti karibu na usukani, inageuka mwelekeo bila klachi. Bobcat huendeshwa kwa mafuta ya haidroliki moja kwa moja hadi magurudumuni, na kwa wepesi wa kwenda na kurudi hakuna inayoifikia. Kama kazi yako kubwa ni kupakia, na moyo wako uko kwa trekta, tafuta yenye gia ya kugeuza mwelekeo kwa mkono. Zipo, ingawa ni ghali zaidi.

Kuchimba

Bakho ndiyo inayochimba. Shimo la septiki, mtaro wa maji taka, msingi: mkono wake hufika mita nne na zaidi kwenda chini. Trekta yenye loda hukwangua juu tu, na kutumia loda kung'oa visiki ni njia ya haraka ya kupinda mikono yake. Bobcat huchimba mashimo ya nguzo kwa keekee na mitaro mifupi kwa kifaa chake.

Ukifika kwenye fonolaiti, hata bakho haichimbi bila nyundo ya haidroliki. Mwenye ploti Ruai au Mlolongo achimbe shimo la majaribio kwa sululu kabla hajaamua lolote.

Lango, barabara na karatasi

Bakho ina upana wa karibu mita 2.3, na ikishusha miguu inahitaji nafasi zaidi. Trekta iko chini kidogo ya hapo. Bobcat hupita penye upana wa mita mbili bila wasiwasi, na nyingine hata chini ya hapo, kwa hiyo nyuma ya fleti za Ruaka au Kileleshwa, ambako kuta zimebanana, mara nyingi ndiyo mashine pekee inayoingia.

Barabarani ni kinyume. Trekta hutembea yenyewe kwenye Kangundo Road na tela nyuma, kwa karibu kilomita 30 kwa saa. Bakho hutembea yenyewe pia, na haraka kidogo, ingawa safari ndefu kwenye lami hula matairi. Bobcat lazima ibebwe: lori la ukubwa wa Isuzu FRR lenye ngazi imara linatosha. Kama una ploti moja, hilo si tatizo. Kama una tatu katika pande tatu za jiji, gharama ya kuibeba iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unazitenga: trekta hupewa namba zinazoanza na KT, mitambo ya ujenzi KHM. Anayeendesha anahitaji leseni ya daraja G. Linganisha namba ya injini na ya bodi na zilizo kwenye hati kabla ya kulipa, maana mitambo iliyouzwa mara nyingi huwa na karatasi zilizobaki nyuma.

Fundi, spea na dizeli

Kwa trekta, Nairobi ni nyumbani. Injini za Perkins zilizo kwenye Massey Ferguson zinajulikana na mafundi wengi kuanzia Industrial Area hadi Limuru, na spea zake, za asili na za kuiga, zinapatikana Kirinyaga Road. JCB za zamani nazo zilitumia Perkins, jambo linalozipa faida kubwa kwa mwenye pesa za kiasi. Bobcat ina mafundi wachache, na pampu zake za haidroliki si za kuachia mtu anayebahatisha.

Dizeli nayo ina neno. Mwaka 2015 kiwango chetu cha salfa kiliwekwa sehemu 50 kwa milioni. Mitambo mingi ya miaka ya karibuni iliyotumika Ulaya na Marekani ina vichujio vya moshi vilivyotengenezewa dizeli ya sehemu 10 hadi 15. Bakho au Bobcat ya aina hiyo ikinyweshwa dizeli yenye salfa nyingi huziba kichujio, kompyuta inapunguza nguvu, na wewe unatafuta mtu mwenye laptopu ya kuizungumzia. Ukinunua mtumba, mashine ya kizazi cha nyuma kidogo, yenye injini isiyo na kichujio hicho, haitakusumbua kama ile inayong'aa.

Saa kwenye mita hurudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo usome mtambo wenyewe. Muombe muuzaji ainue ndoo ikiwa na mzigo, azime injini, kisha mzungumze mambo mengine huku ukiitazama. Katika yadi moja nje ya Mombasa Road, ndoo ya bakho iliyopakwa rangi mpya ya njano ilishuka karibu futi moja kabla chai haijapoa, na muuzaji akasema ni upepo. Mafuta yalikuwa yanapita ndani ya silinda. Tikisa ndoo kwa mikono: ikicheza na kugonga, pini na bushi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye vyuma vinavyong'aa vya silinda. Mkwaruzo unaoshika kucha utakula sili mpya mwezi huo huo. Na tazama mpira wa pedali: mashine ya "saa 2,000" haina pedali iliyobaki chuma kitupu.

Kuufanya mtambo uwe wako

Trekta ndiyo inayobadilishwa zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa kubadilishwa. Trekta nyingi hazina chesisi; injini, kifuniko cha klachi na giaboksi vimefungana kuwa uti wa mgongo. Loda iliyofungwa kwa boliti za mbele pekee hupeleka nguvu zote kwenye maungio hayo, na siku moja kifuniko hupasuka. Fremu ya loda inatakiwa ikimbie chini ya trekta hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ukiona loda inayoishia kwenye injini, ama shusha bei kwa kiasi cha kuifunga upya, ama nenda zako.

Jambo la pili ni uzito wa nyuma. Jaza maji matairi ya nyuma hadi karibu asilimia 75, yaani hadi usawa wa valvu ikiwa juu kabisa. Tairi la 18.4-30 huchukua takriban lita 300, sawa na kilo 300 kila upande. Kwenye nchi za baridi huchanganya chumvi ili maji yasigande. Limuru ina baridi lakini haijafika huko. Ongeza pipa la lita 200 lililojazwa zege na kufungiwa pini za kuning'inia kwenye mikono mitatu ya nyuma. Hilo peke yake ni karibu kilo 480. Trekta iliyosawazishwa hivi huwa mashine nyingine kabisa.

Kisha valvu ya loda iwe na nafasi ya kuelea, ambapo ndoo hufuata mabonde na vilima vya ardhi yenyewe. Bila hiyo, kusawazisha uwanja ni kubahatisha. Weka kinga ya chuma mbele ya rejeta, na fremu ya kukinga dereva pamoja na mkanda. Fremu hiyo nunua iliyojaribiwa. Mafundi wa Kariobangi Light Industries watakutengenezea ndoo, bledi ya nyuma na uma za kuinulia mawe ya kujengea kwa bei inayoeleweka na kazi nzuri, lakini fremu ya kuokoa maisha si kazi ya kukadiria kwa macho. Makali ya ndoo yawe ya boliti ili ubadilishe: meno kwa udongo mgumu, makali yaliyonyooka kwa kumalizia.

Faida kubwa ya trekta ni kwamba loda ikipumzika, nyuma inaendelea kulipa: slasha kwa nyasi, tela kwa mawe, bauza la maji, jembe. Bakho na Bobcat zikimaliza kazi yake, zinakaa.

Kwa bakho, mabadiliko yenye thamani ni machache. Ndoo za nyuma za upana tofauti, ya milimita 300 kwa mabomba na ya 900 kwa kusafisha mitaro, huokoa muda na zege. Mabomba ya haidroliki ya nyundo yakiwa tayari yamefungwa, umeepuka gharama kubwa. Ndoo ya mbele inayofunguka katikati hushika, hukwangua na kumwaga kidogo kidogo; ukiipata usiiache. Pima kipenyo cha pini kabla ya kununua ndoo ya pili, kwa kuwa hazifanani baina ya viwanda. Kwenye kabro, miguu ivae pedi za mpira. Na jambo lisilo kwenye katalogi yoyote: kifuniko cha tangi chenye kufuli na swichi ya kukata betri. Dizeli ya mtambo uliolala saiti ina wapenzi wengi.

Bobcat hununuliwa kwa ajili ya vifaa vyake. Kishikio chake cha mbele cha kufungia vifaa kinaoana na vifaa vya viwanda vingi, hivyo uma, keekee, fagio la kuzunguka na makucha ya matawi hubadilishwa kwa dakika chache. Kabla ya kukodi au kununua kifaa, uliza mtiririko wa mafuta. Mashine za kawaida hutoa lita 60 hadi 90 kwa dakika, na kifaa kinachotaka zaidi kitajikokota. Kwenye vifusi vyenye misumari, matairi magumu yasiyo na upepo hulipa gharama yake, ingawa kiti kitakutikisa mifupa.

Kwa hali yako

Ukiwa na ekari mbili au zaidi upande wa udongo mweusi, kazi mchanganyiko na barabara ya murram ya kutunza kila baada ya mvua, trekta inayovuta kwa magurudumu manne, yenye loda ya fremu ndefu na uzito nyuma, inakufaa. Siku za kuchimba, kodi bakho. Nairobi bakho hukodishwa kwa saa au kwa siku. Uliza kama bei ni pamoja na mafuta, saa za chini ni ngapi, na nani analipa safari ya kuja na kurudi.

Ukijenga nyumba baada ya nyumba, Ruai leo na Juja mwakani, na misingi na septiki ndiyo mkate wako, bakho italipa. Ajiri opareta kwanza, kisha nunua mtambo ambao ameuzoea.

Kwa mtaa wenye lango, ghala au fleti ambako nafasi ni finyu, sakafu ni ngumu na kazi ni ndogo lakini ya kila siku, Bobcat ina hoja nzuri. Wapangaji wanaolala mchana watakupigia simu, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele tangu 2009, basi panga nyundo na fagio kwa saa za kazi.

Mwenye miteremko ya Ngong au Limuru afikirie upana wa magurudumu kuliko nguvu. Trekta nyingi zinaruhusu kupanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma, na hilo, pamoja na kubeba ndoo chini karibu na ardhi, ndilo linalokuzuia usipinduke. Bobcat kwenye mteremko huenda na upande mzito ukiangalia juu: ikiwa tupu, nyuma ielekee kilimani, ikiwa na mzigo, ndoo ndiyo ielekee huko.

Na kama kazi yote uliyonayo ni wiki mbili za kusafisha ploti kabla ya kujenga, kodi bakho yenye opareta wake, simama pale mwenyewe na daftari, andika saa anayowasha na saa anayozima.